Shajara ya mradi: faharasa ya maneno ya hali ya kubadilika

Januari

Mradi huu unakusanya maneno na misemo ya Kiswahili inayotaja hali ya kuwa mwepesi wa kubadilika, iwe kwa mtu, kwa kitu au kwa jambo, na kuipanga kwa maana badala ya kuipanga kwa alfabeti. Tunaoufanya ni walimu na wasomaji wachache wa Tanga mjini, tunaokutana mtaa wa Ngamiani baada ya swala ya alasiri, na matokeo yake tumeyakusudia kwa waandishi wa vitabu vya shule, wafasiri na watangazaji, ambao kila siku hutakiwa waeleze kwamba bei, upepo, hali ya mgonjwa au kauli ya kiongozi haikai mahali pamoja.

Sababu ya kuanza ni moja. Neno kigeugeu limebebeshwa mzigo usio wake. Katika matini za shule na za habari tulizozikusanya tumelikuta likisemwa kwa bei ya mahindi, kwa mvua za vuli, kwa homa inayopanda na kushuka na kwa mwanasiasa anayehama chama, kana kwamba mambo hayo manne yana tabia moja. Mwanasiasa anaweza kuulizwa kwa nini amegeuka, na akawajibika kwa jibu lake. Mvua haiulizwi. Msimamo tunaoanza nao, na ambao kazi yote itaupima, ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika eneo hili. Kinachopungua ni utaratibu wa kueleza neno lipi linakwenda na nini, na kwa nini.

Mezani tuna kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka mwaka 1882, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, kamusi ya Padri Charles Sacleux iliyoanza kuchapwa Paris mwaka huohuo wa 1939, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya mwaka 1981 pamoja na matoleo yake ya baadaye, na Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa). Ya Sacleux tunaithamini kwa namna ya pekee, kwa sababu padri huyo alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo na akawa mwangalifu wa kuonyesha neno ni la lahaja gani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, kufuatia uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo maneno mengi ya Mrima na ya Mtang'ata, lahaja za mwambao huu, yamebaki midomoni mwa watu wa pwani hii bila kupewa nafasi kubwa vitabuni. Tunatarajia kwamba sehemu ya majibu yetu iko huko.

Februari

Mwezi huu wote umekwenda kwa ukoo wa geuka.

Kitenzi chenyewe hakina lawama. Mtu hugeuka akiitwa, chapati hugeuzwa isiungue, na tangu Tanzania iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 neno mageuzi limekuwa likitamkwa na wengi kwa matumaini. Lawama inaingia pale shina linaporudiwa na kuvishwa ki-. Tulijiuliza kama ni ki- yenyewe inayoshusha hadhi, tukaona sivyo, maana kiongozi, kinyozi na kijana wana ki- hiyohiyo na hakuna anayewadharau kwa ajili yake. Wala si kurudiwa kwa shina peke yake, kwa kuwa mtu anayetembeatembea ufukweni jioni hajafanya kosa lolote. Ni mambo hayo mawili yanapokutana katika neno la kumtaja mtu au tabia yake. Angalia kiherehere, kimbelembele, kidomodomo na kigeugeu. Maneno hayo yana umbo moja na yanafanya kazi moja, nayo ni kumshutumu mtu kwa jambo analolifanya mara kwa mara na ambalo angeweza kuliacha. Mwenye kiherehere angeweza kutulia, mwenye kidomodomo angeweza kunyamaza, na kigeugeu angeweza kushika neno lake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye mhimili wa faharasa yote, kwa sababu umbo la neno limetuonyesha mpaka wa matumizi yake kabla hatujamuuliza mtu yeyote.

Upatanisho wa kisarufi unathibitisha hilo. Mtu akiwa kigeugeu tunasema kigeugeu huyu amekana maneno yake, na wakiwa wengi tunasema vigeugeu hawa wametuangusha. Yaani sarufi inamtendea kama mtu, pamoja na ki- iliyo mbele yake. Mwandishi anaposema kwamba bei ni kigeugeu, sentensi inasimama, lakini bei imekwisha kupewa nafsi na nia. Mshairi ana ruhusa hiyo. Mwandishi wa kitabu cha jiografia anapaswa ajue kwamba anaitumia, na aamue kama anaitaka.

Majirani wawili wa kigeugeu wametupa kazi ndogo. Kauleni ni neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa katika umbo la uwili, kauli mbili, na ndumilakuwili ni jina la nyoka ambaye mkia wake butu unafanana na kichwa, hata watu wakamdhania ana vichwa viwili. Wote wawili huwekwa pamoja na kigeugeu katika orodha za visawe, lakini wakati unawatenganisha. Kigeugeu jana alisema hivi na leo anasema vile, na inawezekana kabisa kwamba jana aliamini la jana na leo anaamini la leo. Kauleni anasema yote mawili leo, moja kwako na moja kwa mwenzako. Kwa hiyo kauleni na ndumilakuwili tumewahamishia fungu la unafiki, na katika fungu letu tumeacha maelekezo mafupi ya kumpeleka msomaji huko.

Machi

Kaskazi imeanza kulegea, na hii ndiyo nafasi tuliyokuwa tukiingoja ili tuzungumze na watu wa bahari huko Sahare. Katika mwambao huu upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili, mara mbili kwa mwaka, ukanda mvua, kama watabiri wa hali ya hewa wanavyouita, yaani mkanda wa mawingu ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hupita juu yetu ukilifuata jua kuvuka ikweta. Pepo hudhoofika, hutokea huku na huku, na mara nyingine hukatika kabisa. Mabaharia wana majina ya majira hayo. Wanayaita maleleji, au malelezi, na pia tanga mbili, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho chombo cha matanga kinaweza kusafiri kuelekea kusini au kuelekea kaskazini bila kufungwa na upepo wa upande mmoja.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi la Pemba na Mombasa alikubali kukaa nasi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kutuuliza habari za wazee wetu mmoja mmoja, tulimwomba atuambie kama upepo wa maleleji anaweza kuuita kigeugeu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Upepo haujatulia tu, unatafuta njia. Kigeugeu ni yule anayekwambia leo tunatoka, kesho anakwambia hatutoki, na bahari ni ileile."

Tulimuuliza basi atausemaje. Akasema upepo wa tanga mbili haukai, upepo hauna mahali, upepo unazunguka. Akaongeza kwamba mtu asiyejua hulalamika juu ya maleleji, na mtu anayejua huyangoja, kwa sababu ndiyo yanayompa hiari ya njia. Jambo hili tumeliandika kwa makini. Kwetu sisi wa nchi kavu hali ya kubadilika imezoea kuwa hasara, na bendera hufuata upepo ni methali ya kumsema mtu asiye na msimamo. Katika lugha ya chomboni kufuata upepo ni ujuzi, na majira ambayo upepo haukai yana jina linalohesabu faida, matanga mawili, wala halihesabu hasara. Faharasa lazima ionyeshe kwamba hali ya kubadilika ina upande wa uwezo pia, vinginevyo tutakuwa tumekusanya matusi na malalamiko peke yake.

Siku hiyohiyo tulizungumza kuhusu maji. Bahari ya Tanga hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi; mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, na katika robo zake huja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Je, maji ya bahari yaingie katika faharasa? Yanabadilika kuliko kitu chochote tunachokijua, lakini hakuna mvuvi anayeyaita mepesi wa kubadilika, kwa kuwa anajua saa yatakapogeuka kabla ya kulala. Tumeamua kwamba mabadiliko ya zamu, yanayojulikana wakati wake, hayamo katika hali tunayoitafuta. Usiku na mchana havimo. Bamvua na maji mafu hayamo. Maleleji yamo, kwa sababu majira yake yanajulikana lakini upepo wa siku yenyewe haujulikani.

Kutokana na uamuzi huo tumepata pia mahali pa kuweka -siotabirika, ambalo wafasiri wengi hulitumia kama kisawe. Tumeliweka fungu jirani, kwa sababu linaeleza kiasi cha ujuzi wa mtazamaji, nalo haligusi tabia ya kitu. Mgeni kutoka bara anaweza kuona kupwa kwa maji ni jambo lisilotabirika, na mvuvi aliye pembeni yake akaona ni la kawaida, ilhali bahari wanayoitazama ni moja.

Aprili

Masika imetufungia ndani. Tumenakili kadi, tumelinganisha tahajia za kamusi za zamani na za leo, na tumeondoa maneno ambayo hatukumpata mtu hata mmoja anayeyatumia wala maandishi yanayoyathibitisha. Hamahama na tangatanga tumeyabakiza kwa masharti: yanahusu mtu au kundi lisilokaa mahali, na yataingia tu yanaposemwa kwa moyo au kwa fikira, kama mtu anaposema kwamba mawazo yake yanatangatanga.

Mei

Mjadala mgumu kuliko yote ulikuwa wa kuchagua kichwa cha fungu zima, yaani nomino moja isiyo na lawama inayotaja sifa yenyewe. Nitauandika kwa kirefu, kwa sababu watakaotufuata watauliza.

Pendekezo la kwanza lilikuwa -badilifu na nomino yake ubadilifu. Kwa sikio la haraka linapendeza. Kiswahili kina kiambishi hiki kwa sifa za tabia, na mfano wake mzuri ni msahaulifu, mtu ambaye kusahau ndiyo desturi yake. Tunao vilevile mvumilivu, mtulivu na mpotevu. Ikiwa anayesahausahau ni msahaulifu, kwa nini kinachobadilikabadilika kisiwe kibadilifu? Tatizo linaonekana tunapotazama vitenzi vyenyewe. Kutulia na kupotea humpata mtendaji mwenyewe, na sifa zake zinabaki kwake. Lakini mharibifu huharibu vitu vya wengine, mdanganyifu hudanganya wengine, na mbadhirifu hubadhiri mali. Badili ni wa kundi hili la pili: mtu hubadili nguo, hubadili fedha, hubadili nia. Kwa hiyo -badilifu, kwa kanuni ya jamaa zake, lingepaswa kumtaja anayebadili kitu kingine, ilhali sisi tunamtafuta anayebadilika. Sokoni jambo hili halina utata hata kidogo. Wadudu waharibifu ni wale wanaokula mahindi ghalani. Nyanya zinazooza upesi hakuna anayeziita haribifu, watu husema zinaharibika haraka. Tena kuna hatari ya matamshi, maana msikilizaji wa redio atakayesikia ubadilifu wa fedha atadhani ametajiwa ubadhirifu, akaanza kutafuta nani ameiba.

Pendekezo la pili, ambalo ndilo limepita, ni ubadilikaji. Limetokana na badilika, lenye -ik- inayoonyesha kwamba badiliko linakipata kitu chenyewe, na limeundwa sawasawa na upatikanaji na uharibikaji, maneno ambayo kila msomaji anayajua. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba ubadilikaji unataja tendo linaloendelea, si mwelekeo wa kutenda. Hoja hiyo ina uzito, na tuliijibu kwa kutazama matumizi. Tunaposema upatikanaji wa maji katika mtaa fulani ni mdogo, hatutaji tukio la maji kupatikana jana. Tunataja kiasi ambacho maji kwa kawaida hupatikana. Ubadilikaji wa bei, kwa njia hiyohiyo, ni kiasi ambacho bei kwa kawaida hubadilika. Mabadiliko ya bei ni jambo lingine. Mabadiliko ni matukio na yanahesabika, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba tangu masika kuanza kumekuwa na mabadiliko matatu ya bei. Ubadilikaji ni sifa, na sifa hupimwa kuwa kubwa au ndogo. Mwandishi wa kitabu cha uchumi anayehitaji kueleza kwamba bei ya zao moja inapandapanda na kushukashuka kuliko ya zao jingine ana neno lake hapo, halina lawama na halihitaji maelezo ya ziada.

Ugeugeu tumeuacha kwa mtu, kwa kauli yake na kwa taasisi inayosema kwa kauli ya watu. Kipimo chetu ni swali: je, aliyebadilika anaweza kudaiwa sababu? Akiweza kudaiwa, ugeugeu unaruhusiwa, ingawa haulazimiki, kwa sababu mtu anaweza kubadilika kwa haki baada ya kupata ushahidi mpya, na huyo kumwita kigeugeu ni kumdhulumu. Nimesisitiza sentensi hii ya mwisho ibaki ndani ya faharasa yenyewe. Lugha inayomwita kila aliyebadili rai yake kigeugeu inawafundisha watu kung'ang'ania rai mbovu, na waalimu tuliomo katika mradi huu tunaliona hilo darasani, mwanafunzi anapokataa kusahihisha jibu lake mbele ya wenzake.

Juni

Baada ya nomino tumeingia katika vitenzi, na hapa pana utajiri ambao orodha za visawe huupita bila kuutazama, kwa kuwa zinatafuta neno mojamoja. Kiswahili cha kila siku hutaja mwelekeo wa kubadilika kwa njia ya kitenzi zaidi kuliko kwa nomino. Hu- ya mazoea inatosha mara nyingi, na shina likirudiwa linaongeza wingi na ukosefu wa utulivu, kama katika hali ya hewa hubadilikabadilika. Iko pia -epesi wa, ambayo hufuatwa na kitenzi chochote: mwepesi wa kukasirika, mwepesi wa kusamehe, mwepesi wa kubadilika.

Njia ninayoipenda kuliko zote tuliikuta jikoni na sokoni. Mama anayepika kwa nazi atakuambia kwamba tui halikawii kuchacha, hasa wakati wa joto la kaskazi, na kwamba lisipokorogwa taratibu halichelewi kukatika. Muuza samaki atakuambia kwamba kibua hakikawii kuharibika. Mtu atamsema jirani yake kuwa hakawii kununa, hachelewi kucheka. Hakawii na hachelewi, vikifuatwa na kitenzi, vinaeleza kwa ukamilifu kile ambacho lugha nyingine huhitaji kivumishi cha kitaalamu ili kukieleza: kitu kiko hivi sasa, lakini kiko karibu na kuwa vingine, na hakihitaji msukumo mkubwa. Hakuna lawama ndani yake isipokuwa ile inayotokana na kitenzi kinachofuata. Tunawashauri wafasiri kwa nguvu zote waanzie hapa. Bei za mboga hazikawii kubadilika ni sentensi ambayo kila mtu wa Tanga ataielewa, na ni safi kuliko bei za mboga zina ubadilikaji mkubwa, ambayo inafaa ripoti na vitabu vya kiada.

Kuhusu fedha na masoko tumeongeza kuyumba. Chombo kinachoyumba huenda upande huu na upande ule lakini bado kina mahali pa kurudi, na ndivyo wachumi wanavyolitumia wanaposema shilingi imeyumba. Kutetereka ni hatua ya mbele yake, pale ambapo kusimama kwenyewe kumetiliwa shaka, na kulegalega ni kwa kilichokwisha kupoteza mshiko wake. Mpangilio huu wa hatua tumeukubali bila mjadala mrefu.

Maneno mengine mawili yalitaka kutengwa. Tete, kama katika hali tete ya usalama, watangazaji hulitumia kwa jambo linaloweza kugeuka wakati wowote, lakini daima wanamaanisha kugeuka kuwa baya. Jambo tete likiguswa huvunjika. Unyumbufu, kutoka nyumbuka, ni kinyume chake: kitu kinyumbufu hupinda au huvutika bila kuvunjika. Ratiba nyumbufu inakubali kurekebishwa, na hakuna atakayeisema kwa ubaya. Kati ya tete na nyumbufu ndipo ulipo ubadilikaji, ambao wenyewe hausemi kama mwisho utakuwa mzuri au mbaya.

Julai

Kinyonga ametuchukulia mwezi mzima, na anastahili. Hakuna mfano unaotumika zaidi katika Kiswahili kwa mtu asiyeaminika, na baadhi ya kamusi zinalo pia jina lake jingine, lumbwi. Mwenzetu anayefundisha baiolojia Muheza, karibu na misitu ya Amani, alituomba tusiandike maana hiyo bila kueleza mnyama mwenyewe anafanya nini, na tumemkubalia.

Imani ya wengi ni kwamba kinyonga huiga rangi ya kila anachokikanyaga. Kwa kweli rangi yake hubadilika hasa kwa sababu ya joto, mwanga, hofu, ugomvi na kutafuta mwenzi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini, na kwamba nafasi kati ya fuwele hizo hupanuka mnyama anaposisimka, hivyo rangi ya mwanga unaoakisiwa hubadilika. Kinyonga, basi, anaonyesha hali yake waziwazi. Anayemtazama anaweza kujua kama ametulia au amekasirika, jambo ambalo ni kinyume cha hila tunayomsingizia.

Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mwaka 2006 wataalamu walipoanzisha jenasi mpya, yaani kundi la spishi za karibu, kwa ajili ya baadhi ya vinyonga wa Afrika Mashariki na ya Kati, waliiita Kinyongia, kwa kulichukua jina letu la Kiswahili. Mmoja wao, Kinyongia matschiei, ni wa Usambara Mashariki, mwendo wa saa chache kutoka hapa ninapoandika. Inanifurahisha kwamba neno la pwani limeingia katika majina ya kisayansi, na inanifanya nitake faharasa imtendee haki mwenye jina. Hatuwezi wala hatutaki kuwakataza watu kusema amejigeuza kama kinyonga. Usemi huo ni wa kale na unaeleweka. Tumeuweka katika fungu la ugeugeu, na chini yake tumeandika kwamba kwa mnyama mwenyewe neno linalofaa ni mwitikio, kwa kuwa rangi yake inaitikia jambo lililomgusa.

Septemba

Rasimu ya kwanza imekamilika, na kusi sasa inaelekea ukingoni. Kichwa cha fungu ni ubadilikaji. Chini yake yapo matawi ambayo hayalingani kwa urefu, na hatukujaribu kuyalinganisha: tawi la mtu na kauli ni refu, la hewa na bahari ni refu kuliko tulivyotarajia, la bei na fedha ni la wastani, la vyakula limejaa vitenzi, na la ugonjwa ni fupi, likiwa na homa ya vipindi, hali inayobadilikabadilika, na mgonjwa asiye na nafuu ya kudumu. Methali ziko mwishoni. Mambo kangaja, huenda yakaja imepewa nafasi ya kwanza, kwa sababu ni mojawapo ya chache zinazotaja kubadilika kwa mambo kwa tumaini.

Ili msomaji aone mtindo wetu, hili ni ingizo moja kama lilivyo katika rasimu. *Maleleji (pia malelezi, tanga mbili): majira ya kati ya kaskazi na kusi, ambapo upepo ni dhaifu na haukai upande mmoja. Husemwa kwa bahari na safari. Hakuna lawama. Katika maandishi ya kitaalamu laweza kutumika kwa kipindi chochote cha mpito wa pepo za msimu. Kwa mambo ya watu litumike kwa uangalifu, na mwandishi aeleze analenga kutotulia au analenga hiari ya njia mbili.*

Sehemu ya mwisho ya ingizo hilo bado inajadiliwa. Wenzangu wawili wanaona kwamba maleleji yaachwe baharini. Mimi nimependekeza kwamba waandishi waruhusiwe kuyaleta nchi kavu, kwa mfano kwa kipindi cha taasisi inayobadilisha uongozi, kwa kuwa hatuna neno jingine linalotaja kwa pamoja ukosefu wa utulivu na nafasi ya kuchagua. Tumekubaliana kwamba jambo hili halitaamuliwa Ngamiani. Maleleji ya Oktoba yakiingia tutakwenda Pangani na vijiji vya Mtang'ata, tuwasomee mabaharia sentensi zilizotumia neno hilo kwa mambo ya watu, na tuandike wanazozikubali na wanazozikataa. Sambamba na hilo, mwalimu wa Muheza atawapa wanafunzi wa kidato cha tatu aya za jiografia zilizoandikwa kwa kigeugeu na zilizoandikwa kwa ubadilikaji na hakawii, ili tuone zipi wanazieleza kwa usahihi zaidi. Kadi za tawi la ugonjwa zinahitaji muuguzi wa kuzipitia, na tayari yuko mmoja aliyekubali kuzisoma.